Nchi Jirani: Mhandisi Avukapo Mpaka

Bomba la mafuta ghafi linaloanzia Hoima, magharibi ya Uganda, na kuishia Chongoleani, karibu na bandari ya Tanga, limepangwa kuwa na urefu wa kilometa 1,443. Kati ya hizo, kilometa 296 zimo katika ardhi ya Uganda na kilometa 1,147 zimo katika ardhi ya Tanzania. Uamuzi wa mwisho wa kuwekeza fedha katika kazi hiyo ulitangazwa mjini Kampala mwezi Februari 2022. Bomba, kama ilivyo reli na kama zilivyo nyaya za umeme, halina uraia. Lakini kila mtu anayelichomelea, kulipima au kulifukia anao uraia wake, ana kwao, na ana wazazi wanaomtazamia. Ndiyo maana kila kazi kubwa ya ujenzi inapofunguliwa katika nchi moja ya sehemu hii ya Afrika, vijana wenye shahada na stashahada za uhandisi katika nchi jirani huanza kuulizana swali moja: je, kuvuka mpaka kuna faida?

Swali hilo linawahusu askari wa majeshi ya ulinzi na askari wa polisi kwa njia tatu. Kwanza, watoto wengi waliokulia katika makambi na katika nyumba za polisi wamesomea uhandisi, na barua ya ajira kutoka nchi jirani inapofika, baba au mama mwenye sare ndiye anayeombwa ushauri. Pili, majeshi yenyewe yana wahandisi na mafundi wa kila aina, na wengi wao hustaafu wakiwa bado na nguvu na ujuzi unaohitajika kwingine. Tatu, askari aliye zamu mpakani au katika kituo cha polisi ndiye anayeonyeshwa karatasi za msafiri anapokwenda, na ndiye anayepokea malalamiko ya aliyedanganywa anaporudi. Kwa sababu hizo tatu, yafaa jambo hili lipimwe kwa hesabu, wala si kwa uvumi.

Kuvuka mpaka kwa ajili ya uhandisi si jambo geni Afrika Mashariki. Mwalimu Nyerere alipenda kukumbusha kwamba Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ilikuwa na wahandisi wazalendo 2 na madaktari 12 tu. Katika miaka ya mwanzo ya uhuru, vijana wa Tanganyika na wa Uganda waliotaka kusomea uhandisi katika chuo kikuu cha pamoja walikwenda Nairobi, kwa kuwa masomo hayo yalifundishwa huko. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungua kitivo chake cha uhandisi mwaka 1973. Kwa hiyo wahandisi wa kwanza wa nchi hizi walikwisha kuvuka mpaka hata kabla ya kupata kazi, na wengi walijenga urafiki uliowafaa katika kazi zao zote.

Ilipoundwa Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 1967, kazi za ufundi ziliunganishwa katika mashirika makubwa ya pamoja. Makao makuu ya Shirika la Reli na ya Shirika la Ndege yalikuwa Nairobi, ya Shirika la Bandari yalikuwa Dar es Salaam, na ya Shirika la Posta na Simu yalikuwa Kampala. Fundi wa Tabora aliweza kupangiwa kazi Kisumu, na fundi wa Jinja akapangiwa Mombasa, bila kujiona kuwa yuko ugenini. Mwaka 1977 Jumuiya hiyo ilivunjika. Watumishi walirudi makwao pamoja na jamaa zao na vyombo vyao vya nyumbani. Lakini mafao yao hayakurudi pamoja nao. Mapatano ya kugawana mali na madeni yalitiwa saini Arusha mwezi Mei 1984. Hata baada ya hapo, nchini Tanzania madai ya wastaafu wa Jumuiya yaliendelea mpaka yalipofikiwa mapatano ya mahakamani mwaka 2005, yaani miaka 28 tangu kuvunjika. Wapo waliofariki dunia wakiwa bado wanangoja.

Historia hiyo haikuletwa hapa ili kuwatisha vijana. Imeletwa kwa sababu inaonyesha jambo ambalo tangazo la kazi halilionyeshi. Mshahara ni ule mtu anaobaki nao baada ya makato yote, pamoja na yale atakayoyapata siku kazi itakapokwisha. Tarakimu iliyoandikwa kwa wino mzito juu ya mkataba ni mwanzo wa hesabu, wala si mwisho wake.

Katika jumuiya ya sasa, iliyoundwa kwa mkataba uliotiwa saini mwaka 1999, mlango wa kazi umefunguliwa kwa kiasi kikubwa. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na ndani yake nchi wanachama zilikubaliana kuhusu uhuru wa wafanyakazi kwenda kufanya kazi katika nchi nyingine. Mwaka 2012 vyombo vinavyosimamia wahandisi wa Kenya, Uganda na Tanzania vilitia saini makubaliano ya kutambuana, na baadaye Rwanda ikajiunga. Maana yake ni kwamba mhandisi aliyekwisha kusajiliwa na bodi ya nchi yake anaweza kuomba kutambuliwa na bodi ya nchi jirani bila kurudishwa darasani. Lakini makubaliano hayo yanamhusu mhandisi aliyesajiliwa kikamilifu. Kijana aliyemaliza chuo mwaka jana, ambaye bado yumo katika mafunzo ya vitendo chini ya mhandisi mkubwa, hajafikia hatua hiyo. Akivuka mpaka na shahada peke yake, atapokewa kama msaidizi na kulipwa kama msaidizi, hata kama anafanya kazi ya mhandisi.

Pamoja na usajili kipo kibali cha kazi. Kanuni za Soko la Pamoja zinasema kwamba mwenye mkataba wa zaidi ya siku 90 anapaswa kuomba kibali katika siku 15 za kazi tangu mkataba kufungwa, na wenye mamlaka wanapaswa kutoa jibu katika siku 30. Uhuru wa kwenda kufanya kazi, kwa hiyo, haukufuta karatasi. Uliweka utaratibu wa karatasi. Askari wa mpakani anayeifahamu tofauti hiyo hatamzuia bure mtu mwenye haki, wala hatampitisha mtu anayedai kwamba uraia wa Afrika Mashariki ni kibali tosha cha kuajiriwa popote.

Sasa yafaa kutazama fedha zenyewe. Desturi ya kumlipa mtaalamu kutoka nje zaidi ya mwenyeji ina asili yake. Katika miaka ya mwanzo ya uhuru, Uingereza ilikuwa na mpango, ulioanza mwaka 1961, wa kuwaongezea mapato watumishi wake waliokuwa wakifanya kazi katika serikali za nchi hizi. Serikali ya nchi ililipa mshahara wa kawaida wa cheo, na nyongeza ya kuwavutia ilitoka London. Nyongeza hiyo ilikuwa na sababu: mtumishi aliiacha nyumba kwao, mkataba wake ulikuwa wa muda mfupi, na hakuwa na hakika ya pensheni katika nchi aliyokuwamo. Hata leo, mwajiri anayetoa mshahara mkubwa kwa mgeni, mara nyingi ananunua mambo hayo matatu. Analipia umbali, analipia ufupi wa mkataba, na analipia kukosekana kwa uzee wenye uhakika. Anayezipokea fedha hizo na kuzitumia zote kama mshahara wa mwezi, anakula akiba yake mwenyewe bila kujua.

Baada ya hapo huja kodi. Chukua mfano wa mhandisi wa Tanzania, mtoto wa sajenti, anayeahidiwa shilingi za Uganda 12,000,000 kwa mwezi. Kwa viwango vilivyotumika nchini humo katika mwaka wa fedha 2023/2024, sehemu ya mshahara inayozidi shilingi 410,000 ilitozwa asilimia 30, na kila kinachozidi 10,000,000 kiliongezewa asilimia 10 nyingine. Kodi yake ingekuwa shilingi 3,702,000. Mchango wake katika mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 5 ya mshahara, ungekuwa shilingi 600,000. Kinachobaki mkononi ni shilingi 7,698,000. Katika kila shilingi 100 alizoahidiwa, ameshika 64.

Sasa huyo huyo angebaki nyumbani kwa mshahara wa shilingi za Tanzania 3,000,000. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, angechanga asilimia 10, yaani shilingi 300,000, katika mfuko wa hifadhi ya jamii. Kodi ingehesabiwa juu ya shilingi 2,700,000 zilizobaki, nayo ingekuwa shilingi 638,000. Angeshika shilingi 2,062,000, yaani karibu 69 katika kila 100. Mfano huu hausemi kwamba Kampala ni mahali pabaya pa kufanya kazi. Huenda shilingi 64 za huko zikanunua zaidi ya 69 za hapa. Unasema tu kwamba anayelinganisha mishahara miwili kabla ya makato, analinganisha vitu viwili visivyofanana.

Kenya nayo, tangu Julai 2023, ilipandisha kiwango cha juu cha kodi ya mshahara hadi asilimia 35 kwa sehemu inayozidi shilingi za Kenya 800,000 kwa mwezi. Mwezi Machi 2024 sheria mpya ilithibitisha tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 ya mshahara, na mwezi Oktoba mwaka huo mchango wa bima ya afya ulifikia asilimia 2.75. Nchini Rwanda, mshahara unaozidi faranga 200,000 kwa mwezi huingia katika kiwango cha asilimia 30, na mhandisi yeyote anakifikia kiwango hicho mapema. Tena nyumba inayotolewa na mwajiri haihesabiwi kuwa zawadi. Katika Kenya, Uganda na Tanzania thamani yake huingizwa katika mapato na kutozwa kodi. Anayeambiwa kwamba atapewa nyumba bure hana budi kuuliza kodi ya nyumba hiyo italipwa na nani.

Lipo jambo jingine ambalo wengi hulifahamu wakiwa wamechelewa. Watu husema kwamba mtu akikaa nje siku 183 katika mwaka, basi hana deni la kodi kwao. Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania haisemi hivyo. Ni kweli kwamba mtu anayekaa nchini siku 183 au zaidi katika mwaka ni mkaazi kwa madhumuni ya kodi. Lakini aliye na makazi ya kudumu nchini, na akawapo nchini kwa sehemu yoyote ya mwaka huo, naye ni mkaazi. Mhandisi aliyejenga nyumba Morogoro, akaenda kufanya kazi Kigali na kurudi kwa sikukuu ya Krismasi, anaweza kuhesabiwa kuwa mkaazi. Na mkaazi hutakiwa kueleza mapato yake ya popote duniani. Kenya ina sharti la namna hiyo hiyo. Sheria ya Tanzania inamhesabu pia kuwa mkaazi mtumishi wa serikali aliyepelekwa kufanya kazi nje ya nchi, na hilo ni la kukumbukwa na kila mtumishi wa umma anayepangiwa kazi ng'ambo.

Je, atalipa kodi mara mbili? Sheria haikumwacha bila msaada. Mkaazi wa Tanzania aliyelipa kodi katika nchi nyingine anaweza kuomba kodi hiyo ihesabiwe katika ile anayodaiwa nyumbani, ingawa si zaidi ya kiasi ambacho mapato hayo yangetozwa hapa. Lakini lazima awe na uthibitisho. Karatasi za mshahara za kila mwezi na hati ya mwaka inayoonyesha kodi iliyokatwa ndizo silaha zake. Asiyezitunza ni kama askari aliyekwenda lindo na bunduki bila risasi.

Njia iliyo bora zaidi ni mikataba baina ya nchi ya kuzuia kodi isitozwe mara mbili. Hapa majirani bado wana kazi. Tanzania na Zambia zilitia saini mkataba wa namna hiyo tangu mwaka 1968. Nchi tano zilizokuwa wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki nazo zilitia saini mkataba wao mwezi Novemba 2010, lakini miaka mingi ilipita bila kuanza kutumika, kwa kuwa ulihitaji kuridhiwa na nchi zote. Matokeo yake ni ajabu kidogo: bodi za wahandisi zilikubaliana upesi kwamba daraja lililohesabiwa na mhandisi wa Kampala litasimama imara Mwanza, lakini idara za kodi hazikukubaliana kwa upesi huo nani ale sehemu gani ya mshahara wake.

Kwingineko utaratibu ni tofauti. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyojiunga na Jumuiya mwaka 2022, ina migodi mikubwa ya shaba na kobalti huko Katanga, nayo huajiri wahandisi wengi wa kigeni. Nchi hiyo humtoza mwajiri kodi maalum juu ya mishahara ya wageni, mbali na kodi ya kawaida ya mfanyakazi. Lengo ni kumfanya mwajiri afikiri kabla ya kumwacha Mkongomani na kumwita mtu wa nje. Kwa mhandisi anayekwenda huko maana yake ni moja: yeye ni ghali kwa mwajiri wake kuliko anavyodhani, na siku faida itakapopungua, jina lake litatazamwa kwanza.

Wapo wanaosema: basi twende Uarabuni, ambako mshahara haukatwi kodi. Ni kweli kwamba nchi za Ghuba kwa miaka mingi hazikutoza kodi ya mishahara, na watu wa mwambao huu wana jamaa na historia ndefu huko Omani. Lakini hata huko mambo hayasimami. Mwaka 2025 Omani ilitangaza sheria ya kutoza asilimia 5 juu ya mapato yanayozidi riali 42,000 kwa mwaka, kuanzia Januari 2028. Mhandisi wa kawaida huenda asifikie kiwango hicho. Hata hivyo ajue kwamba nchi isiyotoza kodi leo haikuapa kutotoza kesho.

Kodi ni upande mmoja; upande wa pili ni sarafu. Mwezi Novemba 2023 Benki Kuu ya Malawi ilishusha thamani ya kwacha, na dola moja ya Kimarekani iliyokuwa kwacha zipatazo 1,180 ikawa kwacha 1,700. Mgeni aliyekuwa akilipwa kwacha 1,700,000 kwa mwezi alilala akiwa na mshahara wa dola zipatazo 1,440, akaamka akiwa na dola 1,000. Hakufanya kosa lolote kazini. Mkataba wake haukubadilishwa hata herufi moja. Lakini ada ya shule ya watoto wake, iliyokuwa ikilipwa nyumbani kwa fedha nyingine, haikupungua kwa sababu hiyo. Mkataba mzuri hutaja fedha itakayotumika kulipa, na hutaja pia itakuwaje fedha hiyo ikishuka.

Upande wa tatu ni usalama, na hapo askari hawahitaji kuelezwa mengi. Tarehe 24 Machi 2021 wapiganaji waliushambulia mji wa Palma, kaskazini ya Msumbiji, karibu na mahali palipokuwa pakijengwa mitambo ya gesi asilia huko Afungi, katika mradi uliokadiriwa kugharimu dola 20,000 milioni. Wafanyakazi wa kigeni pamoja na wenyeji walizingirwa katika hoteli, na baadhi yao waliuawa walipojaribu kutoka kwa msafara wa magari. Mwezi Aprili kampuni kubwa ya mradi ilitangaza kwamba imeshindwa kuendelea na kazi kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake. Kazi ikasimama. Tangazo la namna hiyo humwachia mwajiri nafasi ya kusimamisha wajibu mwingi kwa halali kabisa. Kwa hiyo mshahara unaopita kiasi mahali penye hatari si ukarimu. Ni bei ya hatari, nayo imekwisha kupigiwa hesabu na mtu mwingine. Anayekwenda huko aulize mapema nani atamtoa, kwa chombo gani, na jamaa zake watalipwa nini likitokea la kutokea.

Upande wa nne ni uzee. Katika mfuko wa hifadhi ya jamii wa Tanzania, mwanachama hustahili pensheni ya uzeeni akiwa amechangia miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15. Mhandisi aliyechangia miaka kumi, kisha akakaa nje mpaka nywele zikawa nyeupe, atarudi akiwa na miezi 120. Nchi alizofanyia kazi zina mifuko yake, sheria zake na umri wake wa kustaafu. Watumishi wa Jumuiya ya zamani walikuwa na mwajiri mmoja, na bado walingoja miaka 28. Mwenye waajiri watano katika nchi tano hana budi kuwa karani wa nafsi yake tangu mwezi wa kwanza.

Kwa askari wa polisi lipo jambo la ziada. Penye hamu kubwa ya kazi, matapeli hawakosi. Katika miaka ya karibuni vijana wa Kenya, Uganda na Ethiopia, wengi wao wenye elimu nzuri, waliahidiwa kazi za kompyuta na za ofisini huko Thailand, wakajikuta wamevushwa hadi Myanmar na kufungiwa katika majumba ya utapeli wa simu. Waliowapeleka hawakutumia nguvu mwanzoni. Walitumia barua nzuri, mshahara mkubwa na tiketi ya ndege. Tanzania ina Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu tangu mwaka 2008, lakini sheria haifanyi kazi bila mtu wa kuuliza maswali. Ajira ya mhandisi isiyotaja namba yake ya usajili, isiyotaja mahali pa kazi, na inayotaka msafiri aingie kwa hati ya matembezi kisha mambo yatengenezwe huko huko, ni ajira inayostahili kushukiwa.

Yapo maneno pia kwa nchi zenyewe. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 kuhusu ajira za wageni inamtaka mwajiri anayeomba kibali awe na mpango wa kumrithisha mzalendo kazi hiyo, na muda wote wa mgeni kwa kawaida hauzidi miaka mitano. Sheria ya namna hiyo ina maana ikiwa mpango huo unakaguliwa. Ikiwa ni karatasi ya kufungia faili tu, mgeni wa kwanza ataondoka na mgeni wa pili atakuja, na kijana aliyesomeshwa kwa jasho la wakulima na wafanyakazi atakwenda nje kutafuta kazi ile ile ambayo nchi yake inamlipa mtu wa mbali kuifanya. Hapo nchi hulipa mara mbili: humsomesha wake akaondoka, na kumwajiri wa mwingine akaja.

Hata hivyo, haitakuwa haki kumwita anayevuka mpaka kuwa mtoro. Mhandisi aliyefanya kazi miaka mitatu katika bomba la Hoima au katika mtambo wa umeme wa Rusumo, unaogawana nguvu za mto Kagera kati ya Rwanda, Burundi na Tanzania, hurudi na ujuzi ambao hakuna darasa linaloutoa. Ujirani mwema hujengwa pia na watu kama hao, waliokula pamoja, wakapimiana kazi, na kujifunza lugha za wenzao.

Basi mzazi mwenye sare atakapowekewa barua mezani na kijana wake, asianze na ndiyo wala hapana. Amtake alete karatasi, kalamu na mkataba wenyewe. Waandike mshahara, watoe kodi ya huko, watoe michango, wakumbuke kodi ya hapa, wapime fedha itakayotumika kulipa, waulize nyumba, matibabu, usalama na nauli ya kurudi. Kisha waandike mahali pa mwisho kitakachobaki siku mkataba utakapokwisha. Ikiwa kinachobaki kinatosha, kijana na aende kwa heshima, akiwa na kibali chake na usajili wake. Ikiwa hakitoshi, ni afadhali alijue hilo akiwa mezani kwa baba yake kuliko kulijua akiwa peke yake ugenini.